Mgeni Asiye na Bahasha

Mazungumzo ya redio. Somo: Warumi 16:1–16 na 21–23

Kama Biblia yako i karibu, itafute sura ya mwisho ya Waraka kwa Warumi, ile sura ambayo wengi wetu huiruka kwa sababu imejaa majina. Iweke wazi hapo magotini, tutaifikia. Kwanza nataka nikupeleke safari ya mbali kidogo, mpaka Uingereza, nikuonyeshe kazi moja ambayo wachache kwetu wanaijua. Kisha tutarudi nyumbani, kwa maana neno lenyewe liko huku nyumbani.

Katika kila kaunti ya Uingereza, na vilevile katika Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini, yuko mtu aitwaye Lord-Lieutenant. Kwa lugha yetu tungemwita mjumbe wa mfalme katika kaunti. Lakini usikiapo neno kaunti, tafadhali usimfikirie gavana. Gavana wetu, tangu tulipopata serikali za kaunti 47 mwaka 2013, ana bajeti, ana mawaziri wake, ana hospitali za kuendesha na barabara za kutengeneza, na baada ya miaka 5 hurudi kwa wananchi kuomba kura. Mjumbe huyu hana hata kimoja katika hayo. Hapigiwi kura. Halipwi mshahara. Hana barabara ya kuahidi wala ajira ya kugawa. Awapo kazini hana ruhusa kusimama upande wa chama chochote cha siasa. Mfalme humteua kwa ushauri wa serikali, na afikapo umri wa miaka 75 hustaafu, akarudi nyumbani kwake kama alivyotoka. Ana manaibu, nao pia hawalipwi. Tena huko England na Wales yuko mwenzake aitwaye High Sheriff, ambaye hukaa mwaka mmoja tu na hapati hata senti ya serikali.

Utaniuliza, mtu asiye na fedha na asiye na amri, anafanya kazi gani basi? Ndugu yangu, anakwenda. Hiyo ndiyo kazi yake. Kuna akina mama wanaopika chakula cha wazee mtaani, anakwenda kuwaona. Kuna sikukuu ya kijiji, au kumbukumbu ya waliokufa vitani, au chama cha vijana kinachotimiza miaka kadhaa, anakwenda. Mfalme akija kutembelea kaunti, yeye ndiye mwenye kupanga nani atasimama mlangoni na nani ataonyeshwa kwa mfalme. Mtu akipewa nishani ndogo kwa ajili ya utumishi wake, naye hawezi kufika ikulu, yeye huipeleka na kumvika hapo kwao, mbele ya majirani zake.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Cheo hiki kilianza karne ya 16, zama za mfalme Henry VIII, nacho kilikuwa cheo cha vita. Mjumbe alikuwa ndiye mwenye kuwakusanya wanaume wa kaunti, kuhesabu silaha zao, na kuwatoa kupigana pale mfalme alipotaka. Akikuita, huna la kujibu ila kwenda. Mwaka 1871 aliondolewa usimamizi wa jeshi la kaunti, na mwaka 1921 akapoteza hata ile haki ya mwisho ya kuwaita wanaume kubeba silaha. Leo mwanamume mwenye cheo hicho bado huvaa sare ya kijeshi katika sherehe kubwa, na upanga ubavuni. Upanga huo hauna adui. Mimi naona ni jambo la kutafakari kwamba ofisi inaweza kupokonywa nguvu zake zote za kulazimisha, miaka zaidi ya mia ikapita, nayo ikaendelea kuitwa na watu waje tu, waketi nao.

Najua baadhi yenu, hasa wazee, hampendi kusikia habari za wajumbe wa mfalme, wala siwalaumu. Mjumbe wa mfalme tuliyemjua sisi hapa Kenya hakuja kushukuru. Alikuwa gavana wa koloni mwenye kofia ya manyoya, na chini yake Bwana DC, na chini ya DC yule aliyekuja kuhesabu nyumba ili kodi ilipwe. Mwanamume alitembea na kipande kikining'inia shingoni. Ilipotangazwa Hali ya Hatari mwezi Oktoba 1952, watu wetu waliona mambo ambayo wengine mpaka leo hawawezi kuyasimulia. Mfalme Charles III alipokuja Kenya mwaka 2023, alikiri hadharani kwamba matendo ya kuchukiza yalitendwa, nayo hayakuwa na udhuru. Wengi walitaka aombe msamaha waziwazi, naye hakufika hapo. Haya nayasema ili mtu asidhani nauza sifa za ufalme. Tunaangalia kazi moja tu, tena kazi iliyobaki baada ya upanga kunyang'anywa makali.

Kuna jambo jingine linalotuunganisha na habari hii. Mwezi Februari 1952 binti wa mfalme, Elizabeth, alifika hapa kwetu. Baba yake, mfalme George VI, alikuwa mgonjwa asiyeweza kusafiri, naye akatumwa kwenda safari ndefu ya Australia na New Zealand badala yake, akipitia Kenya. Alikuwa mjumbe, basi. Alikuja kwa niaba ya mwingine. Alilala Treetops, karibu na Nyeri, katika nyumba iliyojengwa juu ya mti, na usiku ule baba yake akafariki huko Uingereza. Habari ilimfikia Sagana siku ya tarehe 6. Aliyepanda mtini akiwa mjumbe akashuka akiwa malkia. Akakaa katika kiti hicho miaka 70, hata alipofariki Septemba 2022.

Katika miaka hiyo 70 alifanya jambo moja ambalo nataka ulishike. Mwaka 2002, alipotimiza miaka 50 ya kutawala, ilianzishwa tuzo kwa ajili ya vikundi vya watu wanaojitolea. Leo inaitwa Tuzo ya Mfalme ya Utumishi wa Kujitolea. Haitolewi kwa mtu mmoja, hutolewa kwa kikundi. Tena kikundi hicho hakiwezi kujipendekeza chenyewe: sharti majirani wanaoijua kazi yake waandike kueleza yale wanayoyaona. Kisha manaibu wa yule mjumbe wa kaunti hutoka kwenda kutazama kwa macho yao. Hukuta nini? Hukuta chumba cha nyuma ya kanisa chenye magunia ya chakula, na mama mmoja mwenye daftari. Hukuta kwaya inayowaimbia wagonjwa waliosahau majina ya watoto wao. Hukuta watu wa mashua waliozoea kuamshwa usiku wa manane kwenda kuokoa waliozama. Na kikundi kikikubaliwa, unajua kinapewa nini? Cheti chenye sahihi ya mfalme, na kipande cha kioo kilichochongwa. Fedha hakuna. Hundi hakuna. Mjumbe huja, husoma majina, humpa kila mtu mkono, hunywa chai, huenda zake.

Mtu wa kwetu atacheka. Atasema, kioo nitakila? Nami nimewahi kulifikiri hilo. Lakini nimewasikia watu waliotumika miaka 20 na 30 bila mshahara, na malalamiko yao ya kwanza hayakuwa ya pesa. Malalamiko yao yalikuwa haya: hakuna hata mmoja aliyekuja kuona.

Liko jingine tena. Tangu mwaka 2004, mgeni anayepewa uraia wa Uingereza hapelekewi tu karatasi kwa posta. Huitwa penye ukumbi wa mji pamoja na wenzake, anaapa au anathibitisha utii wake, wimbo wa taifa unaimbwa, na aghalabu mjumbe wa mfalme au naibu wake anasimama kuwakaribisha. Sherehe ya kwanza ilifanyika Brent, mjini London, mwezi Februari mwaka huo. Wenzetu wengi wamepitia hapo, wauguzi, walimu, madereva, na kwa kuwa Katiba yetu ya mwaka 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, hawakulazimika kutupa Ukenya wao mlangoni. Huko Bristol, mji ambao zamani ulitajirika kwa biashara ya kuwauza Waafrika, mjumbe wa mfalme tangu mwaka 2017 amekuwa mama Mweusi, Peaches Golding, mzaliwa wa Marekani, mwanamke Mweusi wa kwanza kushika cheo hicho. Mtu akitaka kuhubiri juu ya fungu hilo peke yake, ana hubiri zima. Mimi naliacha, nipite.

Sasa tunakaribia Maandiko. Alhamisi Kuu, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu, mfalme wa Uingereza huingia katika kanisa kuu mojawapo la nchi yake kufanya jambo la kale. Jina la ibada hiyo, Maundy, limetoka katika neno la Kilatini la amri, yaani ile amri mpya ambayo Bwana aliwapa wanafunzi wake usiku ule alipovua vazi lake, akajifunga kitambaa, akawaosha miguu. Mnaikumbuka habari hiyo katika Yohana 13. Zamani wafalme wenyewe walipiga magoti wakaosha miguu ya maskini. Karne ya 17 desturi hiyo ikakoma, labda magoti ya wafalme yalichoka. Lakini kutoa hakukukoma. Huchaguliwa wazee, wanaume na wanawake, hesabu yao sawasawa na miaka ya mfalme. Mwaka 2023 kule York, mfalme alikuwa na miaka 74, basi walikuwa wanaume 74 na wanawake 74. Kila mmoja hupokea vifuko viwili. Katika kimoja mna sarafu ndogo za fedha ambazo peni zake ni hesabu ileile ya miaka ya mfalme. Ukizipeleka dukani hazitakununulia hata mkate mmoja. Na wanaochaguliwa si matajiri wala waheshimiwa. Ni watu waliopendekezwa kwa sababu ya utumishi wao kanisani na mtaani: aliyepiga kinanda miaka 40, aliyefundisha watoto Jumapili, aliyeshika funguo.

Angalia jambo hili zaidi. Mfalme hakai kitini watu wakapanga mstari kumfuata. Wao wamesimama mahali pao, na yeye ndiye anayetembea, kutoka huyu hadi huyu. Mwaka 2024 mfalme alikuwa mgonjwa. Ibada haikuvunjwa. Malkia Camilla alikwenda Worcester badala yake, akatembea mstari wote, wazee 150. Mjumbe wa mjumbe, ukipenda.

Basi, ndugu, turudi Kenya.

Tuna mtu tumwitaye mgeni wa heshima. Hakuna sherehe yetu inayoanza bila yeye: ufunguzi wa darasa, kuweka jiwe la msingi, harambee ya paa la kanisa, siku ya wazazi. Nasi tunajua mambo yanavyokwenda. Kadi imesema saa 4 asubuhi. Watoto wamepangwa juani toka saa 3, na nyimbo zao wanazijua hata wamechoka nazo. Saa 7 gari la kwanza linaonekana kwa vumbi lake. Mgeni anashuka na watu wake, akina mama wanacheza, anaketi penye hema na kiti chenye kitambaa. Kisha kinashikwa kipaza sauti, na kila mheshimiwa anamsalimu mheshimiwa mwenzake, kwa majina na vyeo, mmoja baada ya mwingine. Mwishowe inatoka bahasha. Hesabu inatangazwa. Tunapiga makofi, na wale wa chama kingine wananuna. Mgeni ana mkutano mahali pengine. Anaondoka kabla ya chakula. Na yule mama aliyeamka saa 10 ya usiku kuwasha moto, ambaye ameupikia ushirika huu harusi zake na matanga yake, huyo bado yuko jikoni. Hakusikia hotuba. Hakuna aliyemtaja.

Sisemi harambee ni mbaya. Ndizo zilizojenga shule zetu nyingi, na baba zetu walitoa kuku na mayai kwa moyo mweupe. Lakini tulipofika ni mahali pengine, na serikali yenyewe imeliona. Sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 iliwakataza kutumia ofisi zao kukusanya harambee. Septemba 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana alitangaza kwamba wanasiasa hawatapewa nafasi ya kuhutubia waumini ibadani. Waje, waketi, waabudu kama wengine. Makanisa mengine nayo yakatoa maagizo ya namna hiyo. Julai 2024, baada ya vijana kujaa barabarani, Rais William Ruto aliamuru maofisa wa serikali wasishiriki michango hiyo ya hadhara. Jinsi maagizo haya yalivyofuatwa, kila mmoja wetu ana macho.

Lakini mimi naona tumeshughulika na bahasha tukasahau kiti. Tumeuliza, pesa hizi zimetoka wapi? Ni swali jema, liulizwe. Hatujauliza, kiti kile cha mbele kilikuwa cha nani? Hata bahasha ikiondolewa, kama hatuna heshima nyingine ya kutoa isipokuwa ya mwenye gari, tutamtafuta mwingine wa kumketisha pale, hata awe askofu, na yule mama atabaki jikoni vilevile.

Fikiri watu wangapi wanabeba nchi hii bila kutajwa. Wahudumu wa afya ya jamii, waliokuwa wakipanda vilima na kushuka mabonde wakiwapima watoto na kuwahimiza akina mama waende kujifungulia hospitalini, wengi wao walitumika miaka mingi bila malipo. Ni mwezi Septemba 2023 tu ndipo wapatao 100,000 walipotumwa rasmi kwa vifaa na kwa ahadi ya posho ya kila mwezi. Ni vyema, mtenda kazi anastahili. Lakini kabla ya hapo, ni nani aliyekwenda nyumbani kwa mmoja wao akamwambia, tumekuona? Wako wale wanaochimba makaburi ya watu wasio wa ukoo wao. Wako walimu wa shule ya Jumapili, ambao tunawakumbuka pale tu watoto wanapopiga kelele. Yuko mzee anayefagia kanisa siku ya Jumamosi, ambaye kazi yake inajulikana siku akiugua.

Hapa msikilizaji mmoja ananisimamisha. Ananiambia: Mwalimu, Bwana wetu alisema nini? Si alionya tusitende wema ili tutazamwe na watu? Si alisema juu ya wale wapigao baragumu mbele yao watoapo sadaka, kwamba wamekwisha kupata thawabu yao? Ukiwasifu watu hawa hadharani, huwapokonyi thawabu ya mbinguni?

Ni swali la haki, nami nalichukua kwa uzito, kwa maana ndilo linalotumiwa mara nyingi na watu wasiotaka kushukuru. Tazama vizuri Mathayo 6. Neno lile linaambiwa nani? Linaambiwa mtoaji. Yeye ndiye asipige baragumu lake, yeye ndiye auache mkono wa kushoto usijue. Aliyepokea hakuambiwa anyamaze. Walipotakaswa wale wenye ukoma kumi, akarudi mmoja tu akipaza sauti, Bwana hakumwambia, nenda zako, wema wangu uwe siri. Aliuliza wale tisa wako wapi. Na yule mwanamke aliyevunja chupa ya marhamu kule Bethania, wanafunzi wakamnung'unikia kwa hesabu ya pesa, Bwana alisema habari zake zitatajwa popote Injili itakapohubiriwa. Alimtaja mbele ya watu, palepale mezani, wakati wengine wakimwaibisha. Mtumishi hajitafutii sifa. Hilo ni lake. Sisi tuliotumikiwa tuna deni. Hilo ni letu. Tusilipe deni letu kwa kumhubiria mdai wetu unyenyekevu.

Kwa hiyo nimekuwa nikijiuliza, ushirika wetu ungekuwa na mjumbe wa namna hii, angekuwa nani? Si lazima avae upanga. Awe mzee au mama mwenye umri, asiyegombea chochote, anayejulikana kwa kunyamaza siri za watu. Kazi yake isiwe kukusanya fedha hata shilingi moja, maana siku atakaposhika daftari la michango watu watafunga milango. Atembee. Kina mama wa kikundi wakitimiza miaka 10, awafikie pale wanapokutana, awakute na vikombe vyao. Kijana aliyeongoza brigedi miaka 5 akihamia mji mwingine kutafuta kazi, asiondoke kama mwizi usiku. Mjumbe asimame Jumapili hiyo, aseme jina lake na aliyoyatenda, kwa dakika 2, bila hotuba. Mwenye kutunza yatima akiwa mbali bondeni, afuatwe huko huko bondeni, wala asiitwe aje apande juu kushukuriwa. Naye mjumbe afike mapema, aondoke baada ya vyombo kuoshwa. Mimi nimeona mara moja mgeni wa heshima akishika kitambaa kupangusa sahani, na wenyeji wakamkimbilia kumnyang'anya kwa aibu. Laiti wangemwacha.

Haya, fungua sasa Warumi 16.

Mtume Paulo amemaliza mambo mazito. Sura 15 amefundisha habari ya dhambi, imani, Israeli, serikali, dhamiri. Mtu mwingine angeweka muhuri. Yeye anaanza kutaja majina, na anataja zaidi ya 20. Wa kwanza ni mwanamke, Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, ambaye wasomaji wengi wa Maandiko huamini ndiye aliyeubeba waraka huu mpaka Rumi. Mjumbe, basi, naye pia, anayeombewa apokewe vizuri na asaidiwe, kwa kuwa amewasaidia wengi na Paulo mwenyewe. Kisha Priska na Akila, waliohatarisha shingo zao. Kisha Mariamu. Je, twajua nini juu ya Mariamu huyu? Neno moja tu, kwamba alijitaabisha sana kwa ajili yao. Alijitaabisha kwa kazi gani, haikuandikwa. Huenda alipika. Trifaina na Trifosa, nao walifanya kazi kwa bidii. Persisi vivyo hivyo. Mama yake Rufo, ambaye jina lake halikuandikwa, lakini Paulo anasema alikuwa mama kwake pia. Mtume mwenye safari nyingi mahali fulani aliketishwa jikoni na mama wa mtu mwingine, akalishwa, wala hakusahau.

Wengi katika hawa ni majina ambayo watumwa wa Rumi walipewa na mabwana zao. Katika mji ule wenye kaisari, na viti vya mbele, na ngazi za vyeo, hakuna aliyekuwa akiyasoma majina yao hadharani isipokuwa siku ya kuhesabu mali. Na sasa waraka unasomwa nyumbani mwa watu, kwa sauti, nao wapo wameketi.

Shuka mpaka mstari wa 22. Tertio, aliyeshika kalamu akiandika maneno ya Paulo, anapewa nafasi aweke salamu yake mwenyewe. Mwandishi tu, mtu wa mkono. Paulo alinyamaza kidogo, ili Tertio ajitaje.

Na mstari wa 23 wamo watu wawili kutoka Korintho wanaotuma salamu kwa pamoja. Mmoja ni Erasto, wakili wa mji, mtu wa ofisi, mwenye kushika fedha za watu wote. Hapo ndipo wengi wetu tungesimama tupige makofi. Lakini Paulo hakuweka nukta. Aliongeza mwingine baada ya yule mkubwa, aitwaye Kwarto, ambaye hana ofisi, hana mji, hana hata kazi iliyotajwa. Ameandikwa tu kwamba ni ndugu.